Mkaguzi Asiyeshika Kitu

Ripoti ya usalama ikishatoka, kila mtu anataka kuiona. Mkurugenzi anauliza alama nyekundu ni ngapi, mhasibu anauliza kuzirekebisha kutakula shilingi ngapi, na kijana aliyeacha hifadhidata wazi anaomba kimoyomoyo jina lake lisitajwe. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza programu iliyoandika ripoti hiyo iliingiaje ndani, ilipewa funguo zipi, na nani alikaa chini akaamua ione nini na isione nini. Kazi hiyo hufanyika mapema, na ikifanywa vizuri hakuna anayeikumbuka. Mimi naihusudu kuliko ripoti yenyewe.

Tuchukue Prowler, programu huria ya kukagua akaunti za wingu. Toni de la Fuente aliianzisha mwaka 2016 kwa ajili ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, na siku hizi inakagua pia Azure, Google Cloud na Kubernetes. Inauliza maswali kwa mamia. Ghala hili la faili liko wazi kwa umma? Akaunti kuu ina ulinzi wa hatua mbili? Kuna ufunguo uliotolewa zamani ukasahauliwa? Ili iyajibu, lazima ipite kila huduma uliyoiwasha, hata zile ulizosahau kwamba uliziwasha. Unamkaribisha mgeni aone udhaifu wako wote, na karatasi atakayokuandikia ni ramani ambayo mwizi angetoa pesa nzuri aipate.

Njia ya mkato ipo: toa ufunguo wa msimamizi mkuu, ukaguzi uende, yaishe. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mwenzangu, dada mtulivu ambaye kazi yake ndiyo hii, siku mwenye mfumo alipomsihi. "Dada, weka tu admin tumalize, watu wanasubiri ripoti." Naye akamjibu bila kuinua macho, "Kaka, nikiweka admin, nyekundu ya kwanza kwenye ripoti yako nitakuwa mimi." Kaka akacheka, lakini haukuwa mzaha. Prowler huwatafuta hasa wenye mamlaka yasiyo na mpaka, na haimwonei haya aliyeileta.

Amri ya kwanza aliyoandika siku ile haikuomba ruhusa wala kuitoa. Aliandika aws sts get-caller-identity, ambayo kwa lugha ya kawaida ni kuuliza: hapa nilipo, mimi ni nani? Mfumo hujibu mambo matatu, namba ya akaunti yenye tarakimu 12, kitambulisho cha anayeuliza, na jina lake refu. Amri hii haihitaji ruhusa yoyote. Hata ukiandika waraka wa kuikataza, itajibu vilevile. Nilimwona akisoma zile tarakimu 12 kwa sauti, mbilimbili, kidole kikiwa kwenye barua ya mteja. Mtu mwenye akaunti za wateja kadhaa kwenye kompyuta moja ana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa akikosea akaunti anaweza kukagua nyumba ya watu ambao hawakumwita.

Halafu anatazama ufunguo wenyewe. Kitambulisho cha ufunguo wa AWS kina herufi na namba 20, na nne za mwanzo ndizo zinazosema ni wa aina gani. Ukianza na AKIA, ni wa kudumu. Ukianza na ASIA, ni wa muda. Sehemu yake ya siri, yenye herufi 40, huonyeshwa mara moja tu siku ya kuundwa. Wa kudumu unaishi mpaka mtu aufute, na huku duniani hakuna anayefuta. Unanakiliwa kwenye faili la mipangilio, faili linapanda GitHub, na siku moja anayelifungua si wewe. Mwaka 2016 wavamizi waliukuta ufunguo wa AWS wa Uber ndani ya msimbo uliohifadhiwa GitHub, wakachukua taarifa za abiria na madereva wapatao milioni 57.

Kwa hiyo fundi haundi mtumiaji mwenye ufunguo. Anaunda wadhifa. Wadhifa hauna ufunguo wake. Anayeruhusiwa huushika kwa muda, akapewa ufunguo, siri na tokeni ya kikao, vyote vikiwa na saa ya kufa. Kwa kawaida huishi saa 1. Unaweza kushusha hadi dakika 15 au kupandisha hadi saa 12, lakini aliyeushika wadhifa mmoja akitumia mwingine haruhusiwi kuvuka saa 1 hata afanyeje. Akaunti kubwa yenye maeneo mengi inaweza kukaguliwa kwa zaidi ya saa moja, na ukaguzi unaokatika njiani ni kero. Mwanafunzi huona hivyo akaweka saa 12 kila mahali. Fundi kwanza hupima ukaguzi unachukua muda gani, kisha huongeza kidogo tu juu ya hapo.

Ila muda ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu nzito ni kuamua mgeni aone nini.

Watu husema, "Ni ya kusoma tu, itadhuru nini?" AWS ina nyaraka za ruhusa zilizoandikwa tayari, na mmojawapo unaitwa ReadOnlyAccess. Jina linatuliza moyo. Ukiufungua ukafika kwenye S3, lile ghala la faili, utakuta umeruhusu s3:Get* na ile nyota ya mwisho imebeba s3:GetObject, yaani kupakua faili lenyewe: picha za vitambulisho vya wateja, nakala ya hifadhidata ya mwezi uliopita, chochote kilichomo. Mkaguzi hana haja navyo. Anachotaka ni s3:GetBucketPolicy, s3:GetBucketAcl, s3:GetEncryptionConfiguration, yaani maelezo ya jinsi ghala lilivyofungwa. Mlinzi anayepita usiku kutikisa makufuli ya soko hahitaji kujua kila kibanda kina magunia mangapi. Na kwa kampuni iliyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, tofauti kati ya GetBucketPolicy na GetObject si ya mafundi peke yao. Ile ya pili inagusa taarifa za watu.

Kwa hiyo huchukuliwa SecurityAudit, waraka uliotungwa kwa ajili ya wakaguzi, ukaongezwa ViewOnlyAccess. Hizo mbili ndizo Prowler inazoziomba kama msingi. Wengi huishia hapo. Fundi hajaridhika. Anafungua SecurityAudit na kuisoma mstari kwa mstari, na ni ndefu, inachosha macho. Anakuta ec2:Describe*, na anajua kwamba kupitia mlango huo mkaguzi anaweza kuona hati ya kuwashia seva, ile ambayo watu wenye haraka huandikamo nywila. Prowler yenyewe huzitafuta nywila hizo kwa makusudi ili ikuonye. Ni jambo jema, lakini fundi humwambia mteja mapema, kwa maandishi, kwamba macho ya ukaguzi yatafika hapo. Kumwambia baada ya ripoti kutoka ni kuchelewa.

Kisha kuna lambda:GetFunction. Kwa jina ni mpole kabisa, anauliza habari za kijiprogramu. Lakini ndani ya jibu lake mna kiungo cha kupakua msimbo wote wa kijiprogramu hicho, na kiungo hukaa hai dakika 10. Prowler huiomba ruhusa hii kama nyongeza, kwa sababu ina kipimo kinachotafuta siri zilizosahaulika ndani ya msimbo. Utoe au usitoe? Ukitoa, unapata kipimo chenye faida kubwa, na mkaguzi anapata msimbo wako. Ukinyima, ripoti inabaki na pengo. Niliona mwenzangu akiruhusu kwenye akaunti za majaribio na kunyima kwenye akaunti ya malipo, kisha akaandika pengo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, sababu ikiwa pembeni yake. Mwingine angeamua tofauti na bado akawa sahihi. Ninachokipenda ni kwamba aliamua, hakuachia nyota imwamulie.

Akimaliza kuruhusu, anakataza. Katika AWS kila kitu kimekatazwa tangu mwanzo, ruhusa hufungua, na katazo lililoandikwa waziwazi hushinda ruhusa zote. Fundi anaandika katazo la s3:GetObject, la dynamodb:Scan, la secretsmanager:GetSecretValue, ingawa hakuna waraka wowote uliompa mkaguzi vitu hivyo. Mtu asiyejua ataona ni kujisumbua bure. Lakini wadhifa huu utaishi muda mrefu kuliko mkataba wa aliyeuunda, na siku moja mtu mwingine, akiwa amebanwa na muda, atabandika ReadOnlyAccess juu yake ili kosa fulani liondoke kwenye skrini. Katazo litakuwa bado limesimama pale.

Wanaotaka kujua kwa nini mtu ajisumbue hivi wasome habari za Capital One ya Marekani, mwaka 2019. Programu iliyowekwa mbele ya tovuti kuchuja maombi ilikuwa na wadhifa wake. Kuchuja maombi hakuhitaji kusoma maghala ya faili, lakini wadhifa ule uliweza kuyaorodhesha na kuyasoma. Mvamizi akaihadaa programu ile iombe funguo zake kwenye anwani 169.254.169.254, ambako seva za AWS hujipatia vitambulisho vyake, akazichukua. Taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada zikatoka, na mwaka uliofuata msimamizi wa mabenki akaipiga benki hiyo faini ya dola milioni 80. Kilichonishika mimi ni kwamba funguo zile zilikuwa za muda. Ufupi wa maisha haukusaidia kitu, kwa kuwa upana wake ulikuwa mkubwa mno. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika tangu 1975 kwamba kila programu ifanye kazi kwa mamlaka machache kadiri kazi yake inavyodai, na kila baada ya miaka michache sekta hii hulipia somo hilo upya.

Wadhifa una waraka wa pili, na huu wachanga huuandika kwa mkono wa kushoto. Wa kwanza unasema mwenye wadhifa anaweza kufanya nini. Wa pili unasema nani anaweza kuushika. Juu kabisa ya waraka huo kuna mstari wa toleo wenye tarehe 2012-10-17, na sijui ni vijana wangapi wamewahi kuiona wakadhani imepitwa na wakati, wakaweka tarehe ya leo. Waraka hukataliwa papo hapo. Ile ni namba ya toleo la sarufi, imevaa nguo za tarehe.

Uzuri wa waraka huu uko kwenye sharti moja dogo liitwalo sts:ExternalId, na asili yake ni kisa cha zamani. Norm Hardy alikisimulia katika makala ya mwaka 1988. Katika kampuni ya Tymshare kulikuwa na kikusanyaji, programu ya kutafsiri msimbo, kilichoruhusiwa kuandika takwimu za matumizi kwenye saraka ya SYSX. Faili la ankara za wateja, BILL, lilikuwa kwenye saraka hiyohiyo. Mtumiaji mmoja alikiambia kikusanyaji kiandike matokeo yake kwenye (SYSX)BILL. Kikusanyaji kikatii. Kilikuwa na mamlaka ya kuandika pale, aliyetoa amri hakuwa nayo, na hakuna aliyeuliza mamlaka ni ya nani na amri ni ya nani. Hesabu za wateja zikafutika. Msaidizi huyo, kikusanyaji, hakuwa mwizi. Alichanganya mabwana wawili.

Kampuni inayouza huduma ya ukaguzi wa wingu imekaa palepale kilipokaa kikusanyaji kile. Ina wateja wengi, na kila mmoja ameiruhusu kushika wadhifa kwake. Sasa aje mteja mpya, ajisajili, na penye sehemu ya kujaza anwani ya wadhifa wake ajaze ya jirani. Mfumo wa ukaguzi una ruhusa ya kuingia kwa jirani, utaingia, utakagua, utamletea mgeni ripoti ya udhaifu wa mwenzake. Dawa ni ile ExternalId. Kampuni ya ukaguzi humpa kila mteja kitambulisho chake peke yake, na waraka wa mteja unasema: usimfungulie mkaguzi huyu mpaka aje na kitambulisho hiki. Mgeni akijaza anwani ya jirani, mfumo utabeba kitambulisho cha mgeni, na mlango utagoma.

Hapa pana jambo ambalo hata wenye uzoefu hulikosea. Kitambulisho hicho lazima kitungwe na kampuni ya ukaguzi, kisichaguliwe na mteja. Mteja akijichagulia, mgeni naye atajichagulia cha jirani, na tumerudi kwenye SYSX. AWS wenyewe wanasema si siri. Nimeona watu wakikificha kama nywila, wakikituma kwa njia tatu za usimbaji, kumbe kampuni iliyowauzia huduma imewapa wateja wote kimoja. Fundi hukitazama na kuuliza swali moja tu: hiki ni changu peke yangu?

Kusambaza wadhifa kwenye akaunti nyingi ni kazi ya CloudFormation StackSets, na hutumii nguvu nyingi. Ila StackSets zinazoendeshwa na huduma yenyewe hazifiki kwenye akaunti ya usimamizi, ile inayolipa bili na kutawala nyingine zote. Ripoti itakuja imejaa akaunti, kila mtu ataridhika, na iliyokosekana ndiyo mama yao. Kule wadhifa huundwa kwa mkono.

Sisi wa huku tuna mtego wetu pia. Maeneo ya AWS yaliyofunguliwa baada ya tarehe 20 Machi 2019 huja yamezimwa mpaka mwenye akaunti ayawashe. Cape Town, lililofunguliwa 2020, ni mojawapo, na Bahrain vilevile. Kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam inayotaka seva za Amazon barani Afrika huangalia Cape Town. Kwa desturi, tokeni iliyotolewa na anwani ya jumla ya huduma ya vitambulisho haikubaliwi kwenye maeneo hayo. Iliyotolewa na anwani ya eneo hukubaliwa kote. Usipolijua hilo, mkaguzi atakagua Ireland na Virginia kwa bidii, ambako huna kitu, na kugonga mwamba mahali ulipoweka mali yako yote. Marekebisho ni ya mstari mmoja, ukishajua mstari ni upi.

Ukaguzi wa kwanza mwenzangu haufanyi kwa ajili ya ripoti. Anaufanya asome makosa. Skrini inapita, naye anachuja neno moja tu, AccessDenied, kwa kuwa kipimo ambacho mkaguzi hakuweza kukifanya huenda kisitokee chekundu wala kijani. Kinaweza kutoweka tu, na mkurugenzi atakihesabu miongoni mwa vilivyofaulu. Kila AccessDenied ina washukiwa wake. Pengine ruhusa imesahaulika kwenye wadhifa. Pengine kuna katazo kutoka juu, lililowekwa na wasimamizi wa akaunti zote. Pengine ghala lenyewe lina waraka wake unaowakataa wageni wote. Ujumbe wa kosa mara nyingi hukuambia: ukisema hakuna waraka unaoruhusu, rudi kwenye wadhifa wako, ukitaja katazo la wazi, ukaongee na watu. Asiyesoma hadi mwisho wa mstari huongeza nyota. Yeye alifungua barua pepe akamwandikia mtu wa ghala: shikamoo, ghala fulani linamkataa mkaguzi wetu, je, mmekusudia? Walikuwa wamekusudia. Likaandikwa kwenye orodha ya yasiyokaguliwa, kazi ikaendelea.

Kisha anahamia upande wa pili na kumtazama mkaguzi kama walinzi watakavyomwona. Kwenye CloudTrail, daftari la maombi, ukaguzi mmoja huonekana kama mafuriko ya List na Describe ndani ya dakika chache, huduma moja baada ya nyingine. Mwizi anayepeleleza naye huonekana hivyohivyo. Kwa hiyo kikao hupewa jina linalosema ni nani na ni wa lini, anwani za mtandao anakotokea huandikwa kwa walinzi, na ratiba hujulikana. Akitokea mwenye jina hilohilo saa tisa usiku kutoka anwani ngeni, walinzi wana haki ya kuamka.

Baada ya hapo wadhifa unaingia kwenye maisha ya kawaida, na wengi huusahau. Prowler ikitoa toleo jipya lenye vipimo vipya, huja na ruhusa mpya za kuomba, na wanaoiendesha hunakili orodha nzima wakabandika. Mara ya mwisho nilipomwona mwenzangu na orodha kama hiyo, alikuwa ameweka mbili kando kwa kando, ya zamani na ya sasa, na kalamu mkononi. Kwa kila kilichoongezwa aliuliza ni kipimo gani kinakihitaji, na kama huduma hiyo ipo kwa mteja huyu. Ruhusa mbili zilikuwa za huduma ambayo mteja hajawahi kuiwasha. Akazipiga mstari, akaandika sababu pembeni, akahamia ya tatu.